Msiba Bila Watani?

Eti George Lilanga alichora vichekesho vya kuwauzia watalii! Jamani, tuheshimiane. Mzee yule wa Kimakonde, aliyeanza Nyumba ya Sanaa pale Dar es Salaam kama mlinzi miaka ya 1970, alichora mashetani: masikio mapana, matumbo mbele, midomo wazi, rangi kali. Unacheka. Tazama tena: wamebanana kama abiria wa daladala, hapana pa kupumulia. Kicheko chako kinaanza kuogopa.

Mimi nimerudishiwa mswada wa riwaya. Mchapishaji kasema msiba hauchekwi. Nani kamwambia? Tulipomzika bibi, watani walilala kaburini, wakaiga kikohozi chake, wakadai walipwe kwanza ndipo azikwe. Mama, ambaye siku mbili hakutoa hata chozi, akacheka, kisha akalia mpaka akashikiliwa. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na ndiyo aliyoifanya Lilanga kwa brashi mpaka alipofariki mwaka 2005.

Sisi waandishi vijana tunajaza machozi kurasa nzima, msomaji hata hatikisiki! Mswada wangu siubadilishi ng'o. Watani watabaki humo humo.