Mdudu Bila Mmea Wake

Geuza majani ya viazi vitamu katika shamba lolote la pembezoni mwa Geita, asubuhi kabla jua halijakolea. Ukibahatika utamkuta mdudu mviringo, mgongo umebinuka, kingo za gamba lake zimetanda mpaka zikafunika kichwa na miguu. Ni mmoja wa mbawakawa-kobe wa jenasi ya Aspidimorpha, na baadhi yao hung'aa dhahabu tupu. Dhahabu hiyo haiuziki. Huzaliwa na mwanga unaporudishwa na tabaka nyembamba zenye unyevu ndani ya gamba. Mdudu akifa na kukauka, mng'ao unakwenda naye, na kwenye pini kinabaki kitu cha rangi ya kahawia ambacho hata aliyekikamata anaweza kukikana.

Toleo hili linawahusu mbawakawa wa majani, familia ya Chrysomelidae, yenye spishi zaidi ya 35,000 zilizokwisha kupewa majina. Hoja yetu ni kwamba jina la mmea aliokuwa akiula mdudu ni sehemu ya kitambulisho chake. Wengi wao ni wachaguzi: huyu hali ila jamii ya maboga, yule hang'oki kwenye jamii ya viazi vitamu. Kuna spishi zinazofanana kiasi kwamba mtaalamu huzitenganisha kwa kupasua dume na kutazama uume wake chini ya hadubini. Bwana shamba wa kata hana hadubini. Ana mmea mbele yake, na mmea huo unaweza kupunguza maelfu ya majina hadi machache.

Jicho nalo lina kazi yake. Mbawakawa-kiroboto wa Podagrica, anayetoboa majani ya bamia na pamba vitundu vidogo, ana mapaja ya nyuma yaliyonenepa na huruka ukimsogelea. Buu wa mbawakawa-kobe hubeba mgongoni kinyesi na magamba yake ya zamani kama mwamvuli. Na yule mwekundu wa madoadoa kwenye pamba, ambaye wakulima wengi humpulizia dawa pamoja na wengine, mara nyingi si wa familia hii kabisa: anakula vidukari, na kumuua ni kuwafanyia vidukari hisani. Ila tahadhari, katika ukoo wake huyo wapo pia wanaokula majani ya maboga. Rangi peke yake haitoshi kumhukumu.

Wasukuma walikuwa na ramani ya makazi ya wadudu hawa kabla yetu, ingawa wao waliita udongo. Juu ya mteremko ni luseni, mchanga wa viazi na mihogo. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi. Ukishuka mteremko huo, mazao yanabadilika, na wadudu wanabadilika pamoja nayo. Kwenye majaluba ya mpunga yupo Trichispa sericea, mdogo, mweusi, mwenye miiba mwili mzima, ambaye buu wake huishi ndani ya jani lenyewe na kuacha michirizi myeupe. Huyu pia ni miongoni mwa wanaosambaza virusi vya ugonjwa ambao wakulima wengi huuita kimyanga, uliotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 karibu na Kisumu. Kwenye maharage na kunde yupo Ootheca. Ootheca bennigseni alipewa jina na Mjerumani Julius Weise mwaka 1900, lakini jina hilo halimwambii mkulima jambo analolihitaji zaidi: kwamba buu hula mizizi chini ya ardhi, kisha mdudu hulala humohumo kiangazi kizima mpaka mvua imwamshe. Anayepanda maharage palepale kila mwaka anamwandalia meza.

Shinyanga ina historia nzito ya somo hili la mdudu na makazi yake. Miaka ya 1920 na 1930 mtafiti Charles Swynnerton na wenzake walifanya utafiti wa mbung'o hapa, na mmoja wa mbung'o hao, Glossina swynnertoni, ana jina lake. Waligundua kwamba mbung'o anategemea kivuli, basi vichaka vikafyekwa maeneo makubwa. Kama sayansi ya makazi, ilikuwa sahihi. Lakini shoka halikuchagua, na kilimo cha pamba na mifugo vikaendeleza ufyekaji mpaka mkoa ukaitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza mwaka 1986 ulirudisha miti kwa njia ya ngitili, hifadhi za malisho ambazo Wasukuma walikuwa nazo tangu zamani. Miti iliyorudi imehesabiwa kwa hekta. Wadudu waliorudi nayo wanastahili hesabu pia, na hakuna wa kuianza vizuri kuliko mwalimu wa sekondari mwenye wanafunzi na ngitili jirani.

Geita kasi ya ufyekaji ni nyingine. Maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, yanahitaji magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, na magogo yanatoka kwenye miombo. Mti ukikatwa, mdudu anayekula mti huo tu hana pa kuhamia. Hatuwaambii wachimbaji waache kuchimba. Tunaomba orodha ya wadudu ifanyike kabla ya shimo.

Kwa waandishi wa matoleo yajayo tuna sharti moja, na tunajua litawaudhi wachache. Tenganisheni "alikutwa juu ya" na "alikuwa anakula". Mwaka 1984 India iliachia mbawakawa wa Mexico, Zygogramma bicolorata, ale gugu karoti. Baadaye akaonekana kwenye alizeti, na ugomvi ukawa mkubwa. Uchunguzi wa mwaka 1993 ulionyesha kwamba chavua ya gugu hilo, ikidondokea majani ya alizeti, ilimfanya ale asichokila kawaida. Gugu karoti limekwisha kufika Arusha, na alizeti inalimwa Shinyanga. Kwa hiyo andikeni mmea, kwa jina la Kisukuma kama ndilo mnalolijua, sehemu iliyoliwa, aina ya udongo na mwezi. Na rangi ya mdudu ichukueni angali hai.