Kuhani, Kasisi au Mtumishi wa Mji? Maoni Kuhusu Namna Tunavyowataja Wahudumu wa Ibada wa Ugiriki na Roma ya Kale

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu neno moja na madhara yake. Neno lenyewe ni kuhani, pamoja na wenzake kasisi na padri, linapotumiwa kuwataja watu walioongoza ibada katika Ugiriki na Roma ya kale. Kilichonisukuma kuandika ni swali la mwanafunzi mmoja katika darasa langu la tafsiri. Tulikuwa tukichambua tamthilia ya Sophocles kuhusu Mfalme Oedipus, ambayo hufunguliwa na wananchi wa Thebes, waliokumbwa na tauni, wakija kumlilia mfalme wao. Msemaji wao ni kuhani wa Zeus. Mwanafunzi akauliza: "Mwalimu, kuhani huyu alikuwa akihubiri siku gani?" Wenzake walicheka. Mimi sikuona la kuchekesha, kwani swali lile lilikuwa la haki kabisa. Lilizaliwa na neno tulilompa sisi wenyewe.

Dai langu ni hili: maneno tunayoyatumia yanawavisha watu wa kale kanzu isiyokuwa yao, na matokeo yake ni kwamba tunaihukumu dini yao kwa kipimo ambacho haikupata kukitambua. Aidha, nitajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kutuepusha na kosa hilo, iwapo tutakubali kuyatafuta.

2.0 Asili ya Maneno Yetu

Kila neno katika haya matatu lina historia yake. Padri limetoka katika Kireno, na maana yake ya msingi ni baba. Kasisi limetufikia kwa njia ya Kiarabu, ambacho nacho kililipata katika Kisiria, na huko maana yake ya awali ilikuwa mzee. Kuhani lina uhusiano na kahin la Kiarabu na kohen la Kiebrania. Inafaa kuzingatia kwamba maneno haya mawili ya mwisho, japo ni ndugu, hayakuwataja watu wa namna moja. Kahin wa Arabuni kabla ya Uislamu alikuwa mtabiri na mtu wa kauli za siri. Kohen wa Waisraeli alikuwa mhudumu wa madhabahu, aliyerithi kazi hiyo katika uzao wa Haruni.

Biblia ya Union Version ya 1952 inatumia neno kuhani kwa wahudumu wa hekalu la Yerusalemu, na pia kwa yule wa Zeus aliyetaka kuwatolea Paulo na Barnaba sadaka ya ng'ombe mjini Listra. Watafsiri hawakukosea, kwa kuwa matini ya Kigiriki yenyewe ina neno moja, hiereus, katika sehemu zote mbili. Lakini matini hiyohiyo haiwaiti viongozi wa makanisa ya mwanzo hiereus. Inawaita presbyteros, yaani wazee. Wakristo wale wa kwanza, ambao wengi wao walisema Kigiriki, waliona tofauti ambayo sisi tumeisahau. Hiereus kwao hakuwa mwalimu wala mlezi wa waumini. Alikuwa mtu wa sadaka.

3.0 Mhudumu wa Ibada katika Miji ya Ugiriki

Kwa Mgiriki wa kale hapakuwa na kuhani kwa jumla. Palikuwa na kuhani wa mungu fulani katika hekalu fulani, na madaraka yake yalikoma kwenye mipaka ya uwanja wa hekalu hilo. Hakusomea kazi hiyo katika chuo chochote. Hakuwa na kitabu kitakatifu cha kufasiri wala kundi la waumini la kuchunga. Kazi yake ilikuwa kusimamia sadaka, kuomba dua kwa niaba ya mji na kutunza mali ya hekalu. Hata sadaka haikumhitaji yeye kila mara: baba mwenye nyumba alitoa sadaka nyumbani kwake, jemadari aliitoa vitani, na watawala waliochaguliwa waliitoa kwa ajili ya mji.

Njia za kuipata nafasi hiyo zinatuonyesha ilikuwa kitu cha aina gani. Mjini Athens, kuhani wa kike wa Athena Polias alitoka katika ukoo mmoja tu, ukoo wa Eteoboutadai. Pliny anamtaja Lysimache, aliyeshika nafasi hiyo kwa miaka 64. Lakini katika karne ya 5 KK wananchi wa mji huohuo waliamua kwamba kuhani wa Athena Nike apatikane miongoni mwa wanawake wote wa Athens, alipwe drakma 50 kwa mwaka, na apewe miguu na ngozi za wanyama wa sadaka za umma. Uamuzi huo ulichongwa katika jiwe ambalo lipo hadi leo. Katika mji wa Erythrai, Asia Ndogo, maandishi ya mawe ya karne ya 3 KK yanaorodhesha nafasi za ukuhani zilizouzwa na bei zake. Isocrates naye, akimwandikia mfalme Nicocles wa Kipro, alilalamika kwamba watu huuona ufalme kuwa kama ukuhani, kazi ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya.

Msomaji wa leo akisikia kwamba ukuhani uliuzwa, huenda akasema kuwa dini hiyo ilikuwa imeoza. Hapo ndipo neno linapotudanganya. Kilichouzwa hakikuwa baraka wala mamlaka juu ya roho za watu. Kilikuwa wadhifa wa umma, wenye gharama zake, heshima zake na mafao yake. Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Pale Eleusis, ambako ibada za siri za Demeter ziliendeshwa na koo za Eumolpidai na Kerykes, kiongozi mkuu alishika kazi yake maisha yote na alilinda siri ambazo kuzifichua kulikuwa kosa kubwa. Wala kuwa mtumishi wa mji hakukuwa na maana ya kukosa dhamiri. Plutarch, ambaye mwenyewe alikuwa kuhani wa Apollo huko Delphi, anasimulia kwamba mwaka 415 KK, Alcibiades alipohukumiwa bila kuwapo kwa kosa la kuzidhihaki ibada za Eleusis, mji uliwaamuru makuhani wote, wake kwa waume, wamlaani hadharani. Mmoja tu alikataa, mwanamke aliyeitwa Theano. Sababu yake ilikuwa kwamba yeye alikuwa kuhani wa kuomba dua, si wa kulaani. Kisa hiki kinatufunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba mji ulijiona una haki ya kuwaamuru makuhani wake, na kwamba kuhani aliweza kuujua mpaka wa kazi yake kuliko mji uliomweka.

4.0 Majopo ya Roma

Roma inatupa mfano tofauti kidogo. Huko watu wa ibada walikusanywa katika majopo, na kila jopo lilikuwa na utaalamu wake. Mapontifeksi walisimamia sheria za ibada, kalenda na masuala ya makaburi. Maauguri walihusika na ishara za ndege na anga. Jopo jingine lilitunza vitabu vya Sibylla. Walikuwapo pia maflameni 15, kila mmoja na mungu wake, pamoja na mabikira sita wa Vesta waliotumikia miaka 30 kabla ya kuruhusiwa kuolewa. Flameni wa Jupiter alibanwa na miiko mingi; hakuruhusiwa hata kupanda farasi.

Wengi wa wanajopo hawa walikuwa wanasiasa. Mwaka 300 KK sheria ya Ogulnia iliwafungulia watu wa tabaka la plebe nafasi za pontifeksi na auguri, na mwaka 104 KK sheria ya Domitia iliamuru wanajopo wachaguliwe kwa kura za makabila 17 kati ya 35 ya Roma. Julius Caesar alichaguliwa kuwa pontifeksi mkuu mwaka 63 KK, akiwa katikati ya mbio zake za kisiasa. Cicero alikuwa auguri kuanzia mwaka 53 KK, lakini katika kitabu chake kuhusu uaguzi alitoa hoja nzito za kuupinga uaguzi. Tukimwita Cicero padri, itatubidi tumwite pia mnafiki. Tukimwita mwanajopo wa taifa aliyetunza taratibu za mababu, tutamwelewa.

Mfano ulio wazi zaidi unatokana na maisha ya Cicero huyohuyo. Alipokuwa uhamishoni, nyumba yake ilibomolewa na sehemu ya kiwanja ikawekwa wakfu kwa mungu wa kike Uhuru. Aliporudi mwaka 57 KK aliwaomba mapontifeksi waamue kama wakfu ule ulikuwa halali. Walisikiliza hoja za pande zote, wakatoa maoni yao kuhusu sheria, kisha Baraza la Seneti ndilo lililoamua arudishiwe kiwanja. Msomaji wa Kiswahili atatambua kwamba pontifeksi wa namna hii yu karibu zaidi na mufti anayetoa fatwa kuliko padri anayeongoza misa, ingawa sipendekezi kwamba tumwite mufti.

5.0 Ndege na Wafasiri Wake

Tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuichapisha mwaka 1963, ina watu wa aina tatu wanaohusika na mambo ya miungu: mtabiri anayemwonya Caesar njiani, makuhani wanaoamriwa kutoa sadaka, na maauguri wanaosoma matumbo ya mnyama. Katika Roma yenyewe, wasoma matumbo walikuwa haruspeksi, wataalamu wa elimu iliyotoka kwa Waetruski. Na Suetonius anasema kuwa Spurinna, aliyemwonya Caesar, alikuwa mmoja wao. Hali kadhalika, katika tamthilia ya Sophocles, Teiresias hana ukuhani. Yeye ni mantis, mwaguzi, na mgogoro wake na mfalme haueleweki vizuri akichanganywa na yule kuhani wa Zeus wa mwanzo.

Hapa Kiswahili kinatuzawadia jambo la ajabu. Katika lugha yetu, ndege ni kiumbe arukaye na pia ni ishara ya heri au shari. Wazee husema ndege njema na ndege mbaya. Kigiriki kilifanya vivyo hivyo kwa neno ornis, na Aristophanes aliufanyia mzaha uhusiano huo katika tamthilia yake ya Ndege ya mwaka 414 KK. Kilatini nacho kiliunda auspicium kutokana na avis, ndege, na kitenzi cha kuangalia. Kwa hiyo auguri tunaweza kumwita mfasiri wa ndege bila kuazima chochote. Hakuwa mtabiri wa mambo yajayo. Alieleza kama Jupiter ameridhia tendo lililokusudiwa.

6.0 Kwa Nini Tujali?

Wapo watakaosema kwamba kuhani ni neno lililokwisha kukubalika na kwamba kulibadili ni kuwachanganya wasomaji. Nakubaliana nao nusu. Sitaki tulitupe. Nataka tulibakize kwa hiereus peke yake, tena likifuatwa daima na jina la mungu na la mahali, ili msomaji asahau kanisa na akumbuke mji.

Hoja yangu kubwa, hata hivyo, haihusu Wagiriki peke yao. Okot p'Bitek, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu dini za Kiafrika katika maandishi ya wasomi wa Magharibi, alilalamika kwamba miungu ya Kiafrika ilivishwa mavazi ya Kigiriki ili ikubalike. Tunapomvisha kuhani wa Athena kanzu ya padri, tunarudia kosa lilelile kwa upande mwingine. Kipimo kinachoiona ibada ya Athens kuwa tupu, kwa sababu haikuwa na mahubiri wala msahafu, ndicho kilichotumiwa kudai kwamba mzee wa ukoo anayeongoza tambiko hana dini bali ana mila tu. Hatuwezi kukikataa kipimo hicho kwetu na kukitumia kwa wengine.

7.0 Mapendekezo

Napendekeza, kwa hiyo, kwamba padri na kasisi yasitumike kabisa kwa dini za Ugiriki na Roma; kwamba mantis awe mwaguzi, auguri awe mfasiri wa ndege, na haruspeksi awe msoma matumbo; na kwamba pontifeksi abaki na jina lake, akielezwa mara ya kwanza kuwa mwanajopo wa sheria za ibada. Wenzangu wenye istilahi bora zaidi wazilete, tuzijadili. Mwanafunzi wangu aliyeuliza siku ya mahubiri anastahili jibu, na jibu hilo lianze na neno lisilompoteza.