Enjinia akitaka kusoma sheria



Binti akimaliza uenjinia, kisha akasema anataka kusoma sheria, wengi wetu tunauliza: "Na minervali yote tuliyolipa?" Tusiiite hasara mbio.

Tarehe 13 Machi 2023, nchi yetu ilipata sheria mpya ya mambo ya kompyuta, simu na intaneti. Kwa Kifaransa inaitwa Code du numérique. Inakubali maandishi ya elektroniki kuwa ushahidi, tena inaadhibu makosa yanayofanywa kwa njia hiyo. Lakini sheria inahitaji mtu wa kuieleza. Pesa ya AVEC ikiibwa kwa Airtel Money ama M-Pesa, nani ataonyesha tribinali namna ilivyotoka na namba iliyoipokea? Enjinia aliyesoma sheria ataonyesha.

Njia ni ndefu. Diploma ya enjinia peke yake haimfanyi mtu avoka. Lazima asome sheria chuo kikuu, kisha afanye staji ya miaka miwili. Kule Goma, ULPGL inafundisha uenjinia na sheria pia. UNIGOM nayo inafundisha sheria.

Basi tusikatae, tuhesabu pamoja naye: minervali, nyumba ya kupanga, chakula. Yeye tayari ana kazi mkononi: anaweza kutengeneza kompyuta ama kufunga umeme wa jua, achangie masomo yake. Kaka yake akiomba hivyo, tunakusanya pesa. Naye tusimjibu kwamba umri wa kuolewa unapita.