Kanisa lisifungwe kwa barua ya msajili

Mhariri, nimechoka kusikia viongozi wa dini wakiambiwa wasichanganye dini na siasa kila wanapoikosoa serikali. Wanaosema hivyo ni wanasiasa ambao wakati wa kampeni hukaa viti vya mbele kanisani na msikitini, hupewa kipaza sauti kabla waumini hawajatawanyika, na kuahidi mabati na mifuko ya saruji. Hapo hakuna anayekemea. Dini hugeuka siasa siku askofu anapouliza waliotekwa wako wapi.

Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Lakini Juni 2025 msajili wa jumuiya alilifuta Kanisa la Ufufuo na Uzima la Askofu Josephat Gwajima, aliyekuwa akikemea utekaji, kwa maelezo kwamba mahubiri yake yanachonganisha wananchi na serikali. Novemba mwaka huohuo likafunguliwa kwa agizo la Waziri Mkuu, Mwigulu Nchemba. Ni yeye huyo ambaye mwaka 2018, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliikana barua ya ofisi ya msajili iliyolitaka Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) liufute waraka wake wa Pasaka uliokosoa serikali, akamsimamisha kazi msajili. Nashukuru kwa maamuzi yote mawili, ila haki inayotegemea waziri ameamkaje si haki, ni hisani.

Wapo watakaonikumbusha Shakahola, kule Kilifi nchini Kenya, ambako mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili ya waumini wa mhubiri mmoja, ambayo idadi yake ilipita 400. Hoja hiyo ni nzito, na sitetei mhubiri anayeua watu kwa njaa. Lakini kuua ni jinai, ina polisi wake na mahakama yake, na anayeshtakiwa ni mtu kwa jina lake. Kukemea utekaji si jinai. Hata kama askofu amekosa, mkulima wa pamba wa hapa Somanda aliyechangia tofali na kupanga mabenchi ya kanisa lake anaadhibiwa kwa kosa gani akikuta mlango umefungwa Jumapili asubuhi?

Wabunge wetu waibadilishe Sheria ya Jumuiya, ili nyumba ya ibada isifutwe mpaka mahakama isikilize pande zote na kutoa hukumu.

Msomaji wako,
Somanda, Bariadi