Velvia ni ya kabichi, siyo ya bibi

Haya wadau, nimerudi. Wiki mbili kimya, sio kwamba nimedisko (wenye roho mbaya mmeshaanza kusema), nilikuwa nasubiri mkanda wangu usafishwe. Slaidi zimefika jana, na leo nina hasira.

Mnakumbuka nilipanda Mgeta kwa bibi yangu. Kabla sijaondoka, fundi mmoja wa picha hapa mjini aliniambia kwa kujiamini kabisa: "Kule kijani tupu, chukua Velvia. Halafu watu weusi na slaidi haviendani, usisumbuke na sura." Nikamsikiliza kwenye la kwanza, la pili nikalipuuza. Kumbe yote mawili alikosea!

Velvia ilitoka mwaka 1990, ni ya ISO 50, na kazi yake ni kukoleza rangi. Matuta ya kabichi na karoti kule juu yametoka mpaka unatamani kula. Ila bibi? Upande wa uso uliopata mwanga umeiva wekundu kama kaunguzwa na jiko, upande wa kivuli ni shimo jeusi. Alikuwa kamshika mbuzi wake wa maziwa, mweupe pee. Mbuzi katoka na kila unywele. Bibi nimempelekea, kaitazama dirishani, kauliza huyo aliyeshika mbuzi ni nani.

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa nasema hivi kwa wote wanaorudia huo wimbo wa weusi na slaidi. Ngozi ya bibi haina kosa. Negativu unaweza kukosea mwanga, fundi akakusaidia wakati wa kuprinti. Slaidi ndiyo picha yenyewe, ukikosea hata nusu stopu inaonekana. Na kipima mwanga cha kamera hakijui bibi ni nani; kila kinachokiona kinakihesabu kuwa kijivu cha wastani. Asubuhi ya Mgeta ukungu mweupe umejaa nyuma, kipima kinadhani mwanga ni mwingi, kinabana. Nani anaumia? Aliye mbele, mwenye uso mweusi. Hapo kosa ni la kwangu, nilikiamini kipima.

Ila na watengenezaji wasijifiche. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak walikuwa wakigawa kwa maabara kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ya kulinganishia rangi, zikaitwa kadi za Shirley. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika mwaka 2009 kwamba waliowasukuma Kodak warekebishe rangi za kahawia ni watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao. Soma tena hapo. Chokoleti na makabati! Sura zetu zilisubiri foleni nyuma ya kabati. Halafu leo mtu aliyezaliwa Morogoro, mweusi kama mimi, ananiambia tatizo ni sisi.

Kwa hiyo kwa sura mimi nachagua Provia 100F, au Ektachrome E100 iliyorudi mwaka 2018. Zote ISO 100, zimetulia, hazipigi kelele kwenye ngozi. Astia ndiyo ilikuwa na upole wa sura kuliko zote, ila Fujifilm waliacha kuitengeneza. Kodachrome msiniulize, ilikoma 2009, na maabara ya mwisho ya kuisafisha, kule Kansas, iliacha kupokea mikanda hiyo Desemba 2010.

Mtaniambia ni ghali, bumu lenyewe halijaingia. Kweli, ni ghali. Ndiyo maana sitaki kuichoma kwa ushauri wa kijinga. Mkaribie mtu, pima usoni kwake peke yake, kisha bana nusu stopu asije akapauka. Mweke kwenye kivuli cha mlango akiangalia nje, siyo ukungu nyuma yake. Na mbuzi mweupe abaki zizini.

Bibi alikuwa kavaa mtandio mweupe wa kanisani, nao umetoka kama karatasi. Simwambii auvue, ndio anaoupenda. Nitasubiri saa kumi jioni mwanga ulegee.

Jumamosi napanda tena na Provia moja, picha 36, zote za bibi. Atakayekuja nauli ajilipie mwenyewe. Sasa niacheni niende kimbweta, UE hazina huruma.