Dabodeka si ya bweni pekee, vijana wa Kendu Bay

Wengi wetu tulikutana na dabodeka bwenini. Chuma kinachopiga kelele kila ukijigeuza, godoro jembamba kama mkate wa kupakwa siagi, na jamaa wa juu anayeteremka usiku wa manane akakukanyaga mkono. Ndiyo maana ukimwambia kijana wa Karachuonyo atengeneze kitanda cha aina hiyo nyumbani kwao, atakutazama kana kwamba unamrudisha Form One. Mimi nasema kitanda hicho ndicho tunachokihitaji. Kiwe cha mbao, na tukitengeneze wenyewe papa hapa Kendu Bay, badala ya kungoja kingine kiletwe juu ya pikapu kutoka Kisumu.

Hebu tuangalie vile tunavyolala. Kwa desturi yetu Wajaluo, mvulana akishabalehe haendelei kulala chini ya paa moja na wazazi wake. Anajengewa simba. Wasichana na watoto wadogo walikuwa wakilala siwindhe, nyumbani kwa dani, wakipigiwa hadithi hadi usingizi uwachukue. Siku hizi siwindhe ni chache, na simba moja ya mabati inabeba ndugu watatu au wanne, pamoja na binamu aliyekuja likizo kutoka Nairobi na begi kubwa kuliko yeye. Chumba chenyewe ni futi kumi kwa kumi. Weka humo kitanda kimoja cha futi nne kwa sita, meza, na jerikani za maji, kisha uniambie waliobaki watalala wapi. Wanalala sakafuni, bana. Na ziwa lilipofurika mwaka 2020, familia za kando ya maji zikakimbilia kwa jamaa zao, tuliona wazi jinsi sakafu inavyojaa haraka.

Hapa ndipo hoja yangu kubwa ilipo, na haihusu urembo wa chumba. Anayelala sakafuni ni vigumu kumfungia neti ya mbu. Kanda ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi zaidi nchini Kenya. Si bure kwamba chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa nchini Septemba 2019, uzinduzi ulifanyika katika kaunti yetu ya Homa Bay. Serikali hugawa neti zilizotiwa dawa kwa hesabu ya neti moja kwa watu wawili. Lakini neti inataka vitu viwili: mahali pa kufungwa juu, na godoro la kuchomekwa chini yake. Mkeka hauna hata kimoja. Halafu tunawacheka akina mama wanaotumia neti kuanikia omena au kuzungushia kitalu cha sukumawiki. Kama ndani ya nyumba hakuna pa kuifunga, ulitarajia waiweke wapi?

Dabodeka iliyotengenezwa vizuri inamaliza tatizo hilo. Kitanda cha chini neti inaning'inizwa kwenye fremu ya kitanda cha juu, inashuka pande zote kama pazia, kisha inachomekwa chini ya godoro. Cha juu ndicho chenye kazi. Nguzo zinapaswa kuendelea kupanda futi mbili au tatu juu ya godoro ili neti ya pili ipate pa kushikia. Fundi anayezikata sawasawa na godoro la juu, ati kitanda kipendeze, amemnyima mtoto wa juu neti yake. Nimeona vitanda vingi vya namna hiyo. Vinang'aa kwa vanishi, lakini huwezi kufunga hata uzi.

Kwa njia, Kiswahili kina majina matamu ya sehemu za kitanda ambayo sisi tunaosoma sehemu hii tunayaacha yapotee. Miguu ni matendegu. Ubao mrefu wa ubavuni ni mfumbati. Ule mfupi wa kichwani na miguuni ni kitakizo. Vibao vinavyobeba godoro ni chaga. Ukienda kwa fundi na maneno haya atacheka kwanza, lakini mtaelewana upesi kuliko kusema "hiki kitu cha hapa".

Sasa mbao. Saiprasi nyingi tunazonunua huku zinatoka nyanda za juu, na marufuku ya kukata miti iliyotangazwa Februari 2018 ilitufundisha jinsi bei inavyoweza kupaa. Rais Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023, lakini mazoea ya kuuziwa mbao mbichi hayajaisha. Mbao mbichi kwa joto letu la Kendu Bay ni mtego. Unaunda kitanda leo kimenyooka, baada ya wiki chache mfumbati umepinda na misumari inachungulia nje. Mkalitusi ndio mbaya zaidi, hujinyonga na kupasuka ukikauka. Zipange mbao kivulini, tia vijiti kati ya moja na nyingine hewa ipite, weka mawe juu, uzisahau kwa wiki kadhaa. Najua fundi wako atakwambia ni kupoteza wakati. Fundi halali kwenye kitanda hicho.

Misumari pekee pia siipendi. Kitanda cha ghorofa hutikiswa kila mtu anapopanda, na msumari hulegea polepole bila kukuambia. Pale mfumbati unapokutana na tendegu tumia bolti, mbili kila kona. Faida ya pili utaiona siku ya kuhama, kwa sababu mlango wa simba ni mwembamba na dabodeka nzima haipiti. Ya tatu utaiona kunguni wakija. Unafungua bolti, unamwagia viungo maji yanayochemka, unakirudisha.

Kizuizi cha juu ndicho kinachonikasirisha zaidi, maana mafundi wengi wanaweka kaubao kamoja kadogo kwa ajili ya sura. Sheria ya Marekani kuhusu vitanda hivi, iliyoanza kutumika mwaka 2000, inataka ukingo wa kizuizi upite juu ya godoro kwa inchi tano au zaidi. Kwa hivyo godoro lako likiwa la inchi sita, kizuizi kifike inchi kumi na moja juu ya chaga. Nafasi kati ya mbao isizidi inchi tatu na nusu, ili mwili wa mtoto usipenye na kichwa kikanasa. Na mtoto aliye chini ya miaka sita asilale juu kabisa, hata akilia. Ile methali ya aliye juu mngoje chini haikutungwa kwa ajili ya watoto wetu. Tazama pia mabati. Kama hakuna dari, mtoto wa juu anapikwa jioni yote. Acha angalau futi tatu kati ya godoro na paa.

Kuna wazazi wanaoona dabodeka na kukumbuka moto wa Hillside Endarasha kule Nyeri, Septemba 2024, uliowaua wavulana 21. Hofu yao ni halali. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unataka nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na madirisha yasiyowekwa vyuma. Shule ina mkaguzi, hata kama hafiki. Simba haina mkaguzi ila wewe. Usikisukume kitanda mlangoni, na koroboi isiingie chumba chenye neti mbili zinazoning'inia. Taa ya sola inatosha.

Nimesikia wanaosema kitanda cha chuma kinadumu, kwa nini tujisumbue? Kinadumu, sikatai. Lakini pesa ya kile cha chuma inavuka daraja na kwenda. Pesa ya mbao inabaki kwa mwenye mashine ya kupasua, kwa mwenye duka la bolti, na kwa kijana mwenye randa aliyekaa stendi akingoja kuitwa.

Na huyo kijana tumemdharau sana. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 watoto wa shule za msingi walishika msumeno. Masomo hayo yalipopunguzwa 2002, tukalea kizazi kinachoamini useremala ni wa walioanguka mtihani. Sasa ushonaji na useremala vimerudi kupitia mtaala mpya, na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba. Kaunti ya Homa Bay inaweza kufanya jambo rahisi: mwanafunzi wa useremala asipewe cheti kwa kutengeneza stuli tu. Aunde dabodeka moja kamili, yenye kizuizi na nguzo za neti, na mkaguzi aipande juu aitikise. Kisha ipelekwe kwa familia ambayo watoto wake wanalala chini.

Wewe uliye nyumbani huna haja ya kungoja kaunti. Pima chumba chako leo. Ukinunua mbao Oktoba na kuzipanga kivulini, zitakuwa tayari shule zikifungwa, na wadogo zako watakushikia upande wa pili wa msumeno.