Kisukari: Fizi nazo zahitaji nafasi kliniki

MJADALA wa kisukari nchini umekuwa ukizunguka macho, figo, moyo na vidonda vya miguu. Fizi hazitajwi sana, ilhali kisukari huzidhoofisha, nazo zikiugua huchangia kupandisha sukari.

Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu hupunguza kinga ya mwili na kuharibu mishipa midogo ya damu inayolisha fizi. Bakteria waliojificha kwenye ugaga hupata mwanya. Fizi huvimba, hutoka damu, na mfupa unaoshikilia jino huanza kulika. Uvimbe huo nao humwaga katika damu kemikali zinazopunguza nguvu ya insulini.

Mwaka 1993 mtaalamu wa fizi, Harald Löe, aliuita ugonjwa huo athari ya sita ya kisukari. Mwaka 2005 watafiti waliofuatilia wagonjwa wa kisukari wa jamii ya Pima, Arizona nchini Marekani, waliripoti kuwa wenye ugonjwa mkali wa fizi walikabiliwa na hatari mara 3.2 ya kufa kwa maradhi ya moyo au figo, wakilinganishwa na wenzao.

Takwimu hizo hazithibitishi kwamba fizi ndizo zilizoua. Hata hivyo, uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2022, uliojumuisha majaribio 35, ulionyesha kuwa kutibu fizi hushusha kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kwa takriban pointi 0.43 za asilimia. Ni kiasi kidogo, lakini chenye maana kwa mgonjwa ambaye dawa pekee hazimtoshi.

Kwa Tanzania suala hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulibaini kisukari kwa asilimia 9.1 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64.

Uzito wake huonekana zaidi vijijini, katika kata kama Kinyangiri, wilayani Mkalama, mkoani Singida. Kwa mkulima wa alizeti, safari ya kwenda kwa daktari ni nauli na siku nzima ya shamba. Akiambiwa aende kliniki ya kisukari leo na ya meno siku nyingine, safari ya pili ndiyo itakayoahirishwa, hasa kwa kuwa ugonjwa wa fizi hauumi mwanzoni. Atakapokwenda, jino litakuwa limelegea na tiba iliyobaki ni kung'oa.

Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 hadi 2030 unataka afya ya kinywa iunganishwe na huduma za msingi na za magonjwa yasiyoambukiza. Utekelezaji waweza kuanza bila mashine mpya: muuguzi wa kliniki ya kisukari amuulize mgonjwa iwapo fizi hutoka damu au meno yanalegea, amwangalie kinywa, na mwenye dalili aonwe na tabibu wa meno siku hiyo hiyo.